Wasichana na park: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (Nakuru, Kisumu, Kakamega na pande hizo)

Haya maswali ya kupeleka grupu za wasichana park hutoka kwa viongozi wapya, matichee, mama wa kanisa wenye wamepewa grupu ya wasichana bila kuulizwa kama wanataka, na wazazi, tena wazazi ndo wengi. Nimejibu vile huwa najibu kwa simu kwa hivyo msinitafutie Kiswahili cha mtihani hapa.

Kwani ni lazima park? Si kuna kiwanja cha shule ama kwa kanisa?

Si lazima. Kiwanja cha shule kiko sawa, kina geti na choo, na kama ndo mnaanza anzieni hapo. Lakini angalia nyasi yoyote ya umma mjini Jumamosi mchana: vijana wanapiga mpira, wazee wamelala kwa kivuli na gazeti usoni, wapiga picha wanatafuta wateja, na wasichana wako wapi? Wanapita. Wametumwa mahali, wamebeba kitu, wanaharakisha. Hakuna sheria inawakataza kukaa hapo, ni mazoea tu, na mazoea ya aina hii hayaishi mpaka watu waanze kukaa.

Alafu hizi nyasi zenyewe kuna mwanamke alizipigania. 1989 serikali ilikuwa inataka kujenga ghorofa ya floo 60 ndani ya Uhuru Park kule Nairobi, Wangari Maathai akakataa, akachekwa hadi bungeni, na mwishowe mradi ukaachwa. Nobel ilikuja baadaye sana, 2004. Wasichana wengi wanamjua kwa kitabu kama mama wa miti lakini hawajui hii ya park, waambie mkiwa mmekalia nyasi, hapo inaingia vizuri.

Tuanzie park gani?

Mimi huanza na choo. Najua watu wanataka kusikia mandhari, upepo wa ziwa na nini, lakini msichana asipojua atajisaidia wapi hatakunywa maji asubuhi yote, saa tano kichwa kinamuuma, na hiyo ndo siku yake imeisha. Kwa hivyo kabla uchague mahali enda mwenyewe siku ya kawaida, saa ile ile mnataka kwenda, uangalie choo kama kinafunga kwa ndani, kama kuna maji, kama kinalipiwa, na nani huwa anakaa pale nje ya mlango. Hiyo ya mwisho ndo watu husahau.

Nakuru: Nyayo Gardens iko katikati ya mji na ni rahisi kufika, kwa grupu ndogo na masaa mawili ni sawa, ila kuna watu wengi, kwa hivyo hide and seek hapana. Yangu mimi ni Hyrax Hill, hapo tu barabara ya kuenda Nairobi. Unalipa kiingilio cha makumbusho lakini unapata kilima cha kupanda chenye hata wa miaka saba anaweza, na mahali Mary Leakey alichimba 1937 na 1938 akapata makao na makaburi ya watu wa zamani. Juu ya mawe kuna mashimo ya bao yamechongwa kabisa kwa jiwe. Wasichana wakiona kuna watu walikaa hapo zamani hizo wakicheza bao, hutahitaji kutoa hotuba ya historia. Hayo ya zamani muyaangalie tu, yenu chimbeni kwa mchanga huko chini mtumie maharagwe, na wenye wametoka upande wa ziwa watawaambia hiyo ni ajua, na hapo mabishano ya sheria yanaanza, wacha wabishane.

Lake Nakuru National Park ni ya gari, haushuki ovyo, unashuka tu mahali pa pikniki kama Makalia kwenye maporomoko ama Baboon Cliff. Ni nzuri lakini ni siku ya kukaa kwa basi na kuangalia faru, sio siku ya kukimbia, usichanganye hizo mbili. Na msiwaahidi flamingo! Maji ya ziwa yalipanda sana miaka hii yote, chumvi ikapungua, chakula cha hao ndege kikapungua na wengi wakahamia ziwa Bogoria, saa zingine wako, saa zingine wachache tu.

Menengai ni ya wale wakubwa. Juu kabisa ni mita 2,278, pale ukingoni hakuna kizuizi, na crater yenyewe ni kama kilomita 12 kwa 8, mtu akiteremka ndani bila mwenyeji anapotea kweli. Kaeni kwa viewpoint, mwenye mnaenda naye awe anajua njia, na msiende mkiwa watatu wanne.

Kisumu: Impala Sanctuary, iko karibu na mji, ni ndogo na unatembea kwa miguu, ambayo kwa mahali pa wanyama pa KWS (shirika la serikali la wanyamapori) ni nadra. Impala wanazunguka, simba na chui wako kwa vizimba, na ziwa liko hapo. Oile Park pale mjini ni ya bure, inafaa kwa mkutano na michezo ya kukaa. Kisumu Museum weka kama mpango wa mvua, kuna boma la Kijaluo, nyoka na kobe, na kuna paa la kujikinga mvua.

Kakamega mna bahati nyinyi. Msitu wa Kakamega upande wa Buyangu ndo wa KWS, Isecheno ni wa huduma ya misitu, na ni kipande cha mwisho cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo hapa Kenya. Chukueni mwongozaji, hapo sibishani, mtu mwenye anajua miti na sauti za ndege anageuza matembezi ya masaa mawili kuwa kitu kingine kabisa.

Na kama mko Kitale, Saiwa Swamp. Ni park ya 1974, ndogo ya kama kilomita tatu mraba, hakuna gari ndani, mnatembea juu ya njia za mbao katikati ya kinamasi mkitafuta sitatunga, yule swala wa kuishi majini. Kelele tu ndo mtaacha kwa geti.

Tunahitaji ruhusa? Ama tunaingia tu?

Watu watano wakikaa kwa nyasi hakuna mtu atawauliza. Lakini mkiwa thelathini na mmevaa tisheti zinafanana, kanjo atakuja, na ako na haki ya kuuliza. Andika barua kwa ofisi ya kaunti inayosimamia hiyo bustani, sema mko wangapi, siku gani, saa gani mpaka saa gani, kwamba hakuna spika wala hema wala kuuza kitu. Peleka mapema, ngojea igongwe muhuri, alafu tembea na hiyo barua kwa mfuko. Muhuri ndo kila kitu. Nimeona barua bila muhuri ikisomwa na kurudishwa na ile yenye muhuri haikusomwa hata.

Kiwanja cha michezo ni hivyo hivyo, na kuna ada ya kubuku. Parks za KWS mnalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, hawachukui pesa mkononi, kwa hivyo usifike getini na noti za wazazi. Uliza kwanza kuhusu bei ya wanafunzi na karatasi gani wanataka kutoka kwa shule, bei hubadilika.

Siku gani ni nzuri?

Jumamosi, sivyo? Hapana, ngoja kwanza. Huku kwetu wasichana wengi ni SDA (Waadventista), Jumamosi ni Sabato, na ukipanga kila kitu Jumamosi unawafungia nje bila kusema neno. Jumapili nayo wengine wote wako kanisani mpaka saa saba. Ndo maana mimi napenda siku za katikati ya wiki wakati shule zimefungwa, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, park zenyewe hazina watu na matatu ni rahisi kupata. Aprili tu ndo ina matope.

Na saa?

Asubuhi. Huku western na Kisumu mawingu yanajikusanya mchana na mvua ya radi inakuja kuanzia saa nane, saa tisa hivi, karibu ni desturi. Anzeni saa tatu, kufikia saa saba mmekula, saa nane mko njiani. Nakuru asubuhi ni baridi kwa hivyo sweta, Kisumu ifikapo saa tano jua linachoma kwa hivyo kofia na kivuli.

Mvua ya radi ikitupata hapo nje?

Mkisikia ngurumo tu, mchezo umeisha, msingoje tone la kwanza. Msikimbilie chini ya mti, najua ndo mguu unataka kwenda lakini mti ndo mbaya zaidi. Ingieni kwa jengo la ukweli lenye kuta ama ndani ya gari lililofungwa. Kibanda cha makuti na gazebo ya park hazihesabiki. Mkae mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Watazubaa, ndo maana kiongozi hutembea na karata kwa mfuko.

Sasa tukifika tunafanya nini? Wasichana wangu wanakaa tu na simu.

Simu ziende kwa begi moja, ya kiongozi pia. Alafu anza na kitu cha kukimbia bila maelezo mengi. Kati bado haijashindwa na mchezo wowote, mpira wa soksi na mstari mbili na mko sawa. Blada kama kuna mwenye ako nayo, kuruka kamba mbili, cha mkebe kama mahali ni wazi. Ile ya kuita "nyama nyama nyama" na mtu anaruka akisikia mnyama wa kuliwa, hiyo ni ya dakika kumi za kwanza wakati wengine bado wanafika. Ukiona kuna msichana mpya amesimama kando mpe kazi ya kuita, usimlazimishe kuruka.

Wakishachoka kidogo, hapo ndo unaingiza zile za akili.

Alama za njia ni ya kwanza. Grupu moja inatangulia inaacha alama kwa vijiti na mawe: mshale maana yake pitia hapa, msalaba maana yake si huku, na duara lenye nukta katikati maana yake nimeenda nyumbani. Hiyo ya duara ndo imechongwa kwa kaburi la Baden-Powell, mwenye alianzisha uskauti, alifia Nyeri 1941 na amezikwa hapo hapo. Wadogo wanapenda sana kusikia hivyo, usiniulize kwa nini. Weka mwisho wa njia kitu cha kupata, hata kama ni njugu.

Kivuli cha kijiti ni ya pili na hii mimi nitaipigia debe mpaka nichoke. Simamisha kijiti wima mahali pa jua, weka jiwe kwa ncha ya kivuli, ngoja dakika 15 ama 20, weka jiwe lingine kwa ncha mpya. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki, chora mstari na ushajua dira bila simu. Huku karibu na ikweta inafanya vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia. Na mkiwa Kisumu karibu na tarehe 21 Machi ama 22 Septemba, angalieni hicho kijiti saa sita na dakika arobaini hivi mchana: kivuli kinapotea kabisa, jua liko juu ya utosi. Kama ratiba ya shule inaruhusu, hiyo siku msiikose. Na sio saa sita kamili ju saa zetu zimewekwa kwa mstari unaopita upande wa bahari na sisi tuko mbali nao upande wa magharibi, wacha wale wa jografia waeleze wenzao.

Ya tatu ni ndege. Kila watu watatu wana daftari moja, wanachora sio kuandika jina, ju majina hawajui na ukianza na majina wanaona ni darasa. Kisumu fundichuma na lile rundo lake la kiota hamtamkosa karibu na maji, mdiria mweusi na mweupe anasimama hewani kabla ajirushe kwa samaki, na marabu wanajulikana na kila mtu mwenye amewahi kupita dampo. Msitu wa Kakamega kuna yule turako mkubwa wa bluu, mkimwona mtapiga kelele na ataenda, ni kawaida.

Kupanda miti? Ndio, lakini na watu wenye watamwagilia. Miti ya picha mimi nimeichoka. Serikali inataka bilioni 15 kufikia 2032 na sina shida na hesabu yao, ila grupu yako ichague michache mahali mnarudi kila wiki, muipe zamu ya maji mpaka ishike.

Wale wa miaka 15 kuendelea wanaona michezo ni ya watoto.

Na wako sahihi kidogo. Usiwaletee michezo, wape siku. Wao ndo waende kukagua choo, waandike barua, wapige hesabu ya nauli, wachague njia, waamue chakula. Ukiona wanaelekea kukosea mahali padogo, nyamaza. Nauli ikipungua shilingi mia mbili watajua wenyewe. Pahali pa usalama tu ndo unaingilia. Viongozi wengi tunashindwa hapa, tunawaita viongozi wa kesho alafu leo hatuwaachii hata kugawa mandazi.

Vijana ama wanaume wakianza kutusumbua?

Hili ndo swali lenyewe, hayo mengine ni mapambo.

Kwanza mahali mnakaa. Kaeni pahali mnaonekana kutoka barabarani ama kwa askari, na penye njia mbili za kutoka. Kona yenye kivuli kizuri nyuma ya ua inavutia lakini nani mwingine inamvutia? Pili, hakuna mtu wa kutembea peke yake, na wawili pia hawatoshi, tunatembea watatu, ju mmoja akiumia mmoja anabaki naye na mmoja anakuja kuita. Filimbi shingoni kwa kila tatu. Mpeane neno la siri, la kawaida tu kama jina la chakula, mwenye akilisema kila mtu anainuka na kuja kwa kiongozi bila kuuliza maswali. Fanyeni mazoezi ya hilo neno mkiwa nyumbani, wakicheka ni sawa.

Kuna yule wa kusumbua kwa mdomo tu, anapita anasema upuzi. Kiongozi ndo anamjibu, sio msichana, na anamjibu kwa heshima mara moja: "Kaka, hii ni grupu ya watoto, tafadhali endelea na safari." Wengi huondoka ju wameona mtu mzima. Asipoondoka, mnahama nyote kwa pamoja kuelekea kwa askari, hamjadiliani. Kuna yule wa kujifanya mpole, anataka kupiga picha za bure, ananunua soda, anauliza mnasoma wapi. Huyo mimi namwogopa zaidi kuliko wa kelele. Wasichana wajue kabla: mtu mzima mwenye hatujamjua hatupewi kitu naye, hatumpi namba, na sio ukosefu wa adabu kukataa. Rudia hiyo ya adabu, ju tumewalea wasichana wetu wasikatae wakubwa na ndo mlango huwa unaachwa wazi.

Na akishikwa ama kufuatwa, hiyo ni ya polisi, uandikishe upewe namba ya OB (kile kitabu cha matukio cha polisi), na 116 ni simu ya watoto, ya bure, usiku na mchana. Wasichana wenyewe waishike kwa kichwa, wasitegemee uko nayo wewe.

Vijana wa mpira ni kitu kingine, hao si wabaya, ni vile kiwanja wamezoea ni chao. Fikeni mapema, mwite kapteni wao, mwonyeshe barua, mkubaliane saa. Mara nyingi inaishia wakiomba kucheza kati na nyinyi, na jibu ni la wasichana, sio langu.

Hedhi je? Msichana akianza pale pale?

Begi la kiongozi lina pedi za kutosha, chupi mbili tatu mpya, sabuni, khaki za kufungia, leso na sweta ya kufunga kiuno. Liwe linajulikana na wote na lisiombwe, mtu anachukua tu na anarudisha begi. Mwambieni kila mtu mwanzoni mwa siku hata wale wadogo, kwa sauti ya kawaida kama unavyosema maji yako wapi. Msichana mwenye ako kwa siku zake anaweza kucheza akitaka, asipotaka asiulizwe. Na pedi haitupwi kwa choo wala kichakani, inafungwa na inarudi na nyinyi.

Wavae nini?

Raba na longi ama trakisuti. Wenye hawavai longi kwa sababu ya dini, sketi pana na kaptura ndani, na wa hijabu avae ile ya kuingiza kichwa isiyo na pini. Akorino na kilemba chake. Hakuna mtu anaambiwa avue kitu ndo acheze, badilisha mchezo. Sare ya shule hapana, inatangaza shule yake kwa kila mtu mwenye anapita.

Chakula na maji?

Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, nduma, ndizi, njugu. Vitu vya mkono. Madondo na wali wa jana kwa jua la Kisumu usijaribu. Kama lazima iwe moto, chemsha asubuhi uweke sufuria kwa kikapu cha kupikia bila moto, kile cha kujazwa nguo nzee na blanketi, githeri inafika saa saba ikiwa bado inatoa moshi. Moto wenyewe hauwashwi kwa park ya mji.

Maji lita moja kila mtu, Kisumu lita moja na nusu. Na hapa wengi hukwama: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa parks, misitu na fuo zilizohifadhiwa, kwa hivyo zile chupa za maji za dukani, vikombe, sahani na straw zitabaki getini. Bebeni chupa za chuma ama za shule zile ngumu. Karatasi za nailoni zilikatazwa 2017, hiyo sisemi tena.

Wanaweza kuogelea ama hata kukanyaga maji pale Dunga, ufuoni mwa ziwa Kisumu?

Hapana. Kuna viboko, na hata pasipo viboko kuna kichocho, ambacho kinatoka kwa konokono wa maji na kinaingia kwa ngozi mtu akisimama tu kwa maji ya kina cha goti, haihitaji kuogelea. Kina dawa, lakini kwa nini. Mkipanda mashua, kila mtu laifu jaketi imefungwa, na kama zimepungua mnapungua nyinyi, hampandi kwa zamu ya kuazimana mkiwa ndani.

Tumbili na nyani?

Msiwape chakula, msifungue chakula karibu nao, msiwachekee meno. Begi lenye ndizi lifungwe zipu. Nyani akichukua kitu kimeenda, msigombane naye.

Viongozi wangapi kwa wasichana wangapi?

Sisi tunatumia mmoja kwa wanane, na kwa wadogo wa chini ya miaka kumi mmoja kwa sita. Hata mkiwa na wasichana watano bado watu wazima wawili, ju mmoja akipeleka mtu hospitali nani anabaki? Na mtu mzima hakai peke yake na msichana mmoja mahali pa kufichika, mwanamke ama mwanaume.

Baba anaweza kuja kusaidia?

Aje. Nataka wababa wengi zaidi, wasichana wakiona baba anashika kamba wanafurahi na wale wa kusumbua wanapungua. Hapeleki watu choo tu.

Naweza kupost picha?

Mwenye ako chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Iwe kwa ile fomu ya ruhusa, sehemu yake tofauti na sahihi yake, na mzazi akikataa hakuna kunung'unika. Hata wenye wamekubali, post mkisharudi sio mkiwa bado hapo, bila majina. Picha za migongo na mikono zinatosha, mkisha waona wakicheka kwa umbali inajulikana ni furaha.

Msichana wetu anatumia kiti cha magurudumu.

Wakati unakagua choo kagua na njia, mlango wa choo upime kwa mkono, ngazi uhesabu. Muulize yeye kwanza, sio mama yake. Kati inaweza kuchezwa mpira ukirushwa chini. Hyrax Hill juu ni shida, sitadanganya.

Tuna pesa kidogo sana.

Basi mko kama wengi. Park ya mji ni bure, michezo ni bure, kilichobaki ni nauli na chakula. Kila msichana aweke kidogo kila wiki kama chama, wenyewe wawe na mweka hazina na daftari. Matatu ya 14 inabeba 14, hata makanga akisema hao ni watoto wanakaa wawili wawili, hapana.

Ni lazima tuwe Girl Guides?

Sio lazima. Girl Guides wako Kenya tangu 1920 na kama shule yenu ina kampuni (ndo wanaita grupu yao) jiungeni, wana mafunzo ya viongozi na mpangilio tayari. Skauti pia wanachukua wasichana. SDA wana Pathfinder. Grupu ya mtaa yenye haina jina pia ni grupu.

Kulala nje je?

Sio kwa park ya mji, kabisa. Kuna mahali pa kambi kwa KWS, Makalia ndani ya Lake Nakuru na Udo's pale Buyangu Kakamega, mnabuku, mnaomba ranger wa usiku, na choo kinaendwa kwa watatu na tochi. Mjaribu kwanza usiku mmoja kwa uwanja wa shule.

Msichana asipoonekana wakati wa kuhesabu?

Wote wanakaa chini mahali pamoja na mtu mzima mmoja. Uliza alikuwa na nani mwisho, wale wa tatu zake. Mtu mmoja getini, mmoja chooni, mmoja kwa askari. Mzazi anapigiwa mapema, sio baada ya masaa mawili mkiwa bado mnaogopa atasema nini. Na mnahesabu kila mkihama mahali, kwa majina.

Naweza kumleta na ndugu yake wa miaka minne, hakuna mtu wa kumwachia?

Mkuje nyinyi wawili na wewe mama, wewe ukae naye. Ukimwacha kwa dada yake, dada hatacheza, atakuwa yaya siku nzima, na hiyo kazi anaifanya nyumbani tayari.